Ibada ya Nyumbani Isiyokufa Wiki ya Tatu: Mwongozo Kamili kwa Familia za Mwanza na Mwambao wa Ziwa

Mkutano wa injili umeisha viwanja vya Furahisha. Baba na mama wamerudi nyumbani wakiwa na moto, wakatangaza kwamba kuanzia kesho saa 11 alfajiri nyumba nzima itaamka kusali kwa saa moja. Wiki ya kwanza wote wapo. Wiki ya pili watoto wanasinzia mkekani. Wiki ya tatu baba kasafiri, mama kachoka, na Biblia imerudi juu ya kabati.

Nia haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye kipimo: mpango ulikatwa kama nguo ya sikukuu, halafu familia ikataka kuuvaa siku ya kazi. Mwongozo huu unakata upya, kwa kipimo cha siku ambayo mmechoka, umeme umekatika na mgeni yuko sebuleni. Unachukua wiki 16 hivi: 2 za majaribio na 14 za kitabu kimoja cha Biblia.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Biblia mbili za tafsiri moja. Tafsiri ya Union na ile ya Habari Njema zina maneno tofauti, na mtoto anayefuatilia kwa kidole hupotea mkichanganya. Kama wengi wenu wako chini ya miaka 12, Habari Njema ni rahisi zaidi masikioni.
- Kaunta buku moja na kalamu mbili. Kalamu moja ifungwe kwa uzi kwenye kaunta buku. Inaonekana jambo dogo mpaka siku mtakapopoteza dakika 6 mkitafuta kalamu.
- Taa ya sola au ya kuchaji, yenye mahali pake maalumu.
- Kalenda ya ukutani inayoonyesha mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Sababu yake iko Hatua ya 2.
- Kopo lenye mfuniko kwa ajili ya sadaka ya nyumbani.
- Orodha ya nyimbo 6 ambazo hata mdogo wa miaka 4 anaweza kuzidaka. Ziandikwe ukurasa wa mwisho wa kaunta buku.

Spika hamhitaji, wala kundi la WhatsApp la familia, wala vitabu vya mafundisho vya bei. Mkinunua vitu vingi mwanzoni, mtadhani mmeshaanza.

## Hatua ya 1: Wazazi wakae wawili kwanza

Tengeni dakika 40 bila watoto. Jibuni mambo matatu tu, na majibu yaandikwe: nani ataongoza, siku zipi, na nini kitaachwa ili nafasi ipatikane. Hilo la tatu ndilo linalorukwa. Ibada haiingii kwenye ratiba iliyojaa bila kitu kutoka: tamthilia moja, nusu saa ya kijiweni, au duka kufungwa saa 2:30 usiku badala ya saa 3.

Watoto husikia mgongano wa wazazi hata usiposemwa. Mama akiita watu na baba akabaki amelalia kochi na simu, somo la siku hiyo limeshatolewa.

Kama mwenzi hataki: usimlazimishe, na usimpige mafumbo kupitia maombi ("Bwana, uwaguse wenye mioyo migumu humu ndani"). Mwombe ruhusa ya dakika 15 na watoto, basi. Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anazungumzia mwenzi anayevutwa na mwenendo bila neno. Maneno yakizidi, njia hiyo inaziba. Mzazi anayelea peke yake, au bibi anayelea wajukuu, aifanye hatua hii na mtoto mkubwa kuliko wote.

Mmefanikiwa kama: karatasi moja ina majibu matatu na nyote wawili mnaweza kuyasema bila kuyasoma.

## Hatua ya 2: Pimeni wiki yenu kama ilivyo

Kwa siku 7, andikeni kila mtu yuko wapi saa 11 alfajiri, saa 12 jioni, saa 1 usiku na saa 3 usiku. Msirekebishe chochote bado.

Mtashangaa. Mnunuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki, anatoka kabla jogoo hajawika. Muuguzi wa Bugando ana zamu zinazozunguka. Dereva wa bodaboda wa Igoma anapata abiria wengi saa ileile mnayotaka aongoze wimbo. Mwanafunzi wa sekondari ana masomo ya jioni.

Familia za wavuvi wa dagaa zina jambo lao, na ndiyo sababu tumetaja kalenda ya mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi inapowaka, taa hazivuti vizuri, na mitumbwi mingi hupumzika siku zinazouzunguka mwezi mpevu. Kwa hiyo ratiba ya siku za Jumatatu hadi Ijumaa, iliyotungwa na mtu wa ofisini, haiwezi kusimama kwa wavuvi wa Kayenze wala Igombe. Wekeni ratiba mbili:

1. Ratiba ya giza: baba yuko ziwani. Mama au mtoto mkubwa anaongoza saa 1 usiku, kikao kifupi.
2. Ratiba ya mbalamwezi: baba yupo. Yeye anaongoza, na mazungumzo marefu yote (madeni, ada, ugomvi) huwekwa humu.

Zungushieni siku hizo duara kwenye kalenda, miezi 4 mbele. Baba akiona duara lake, anajua anasubiriwa.

Kutokana na kipimo hicho chagueni siku 4 kwa wiki. Saba ni nyingi mno kwa kuanzia, na moja ni chache kiasi kwamba ikikosekana wiki nzima imekwenda.

Tahadhari ya mvua: nyumba ya bati bila dari haina ibada mvua kubwa ikinyesha, hakuna anayesikia kitu. Miezi ya vuli na masika, kikao cha jioni kiwe na mbadala wa asubuhi yake, uliokwisha kuandikwa.

## Hatua ya 3: Kikao kiwe dakika 15, na kiwe na mdogo wake wa dakika 5

Hii ndiyo hatua inayookoa familia nyingi, na ndiyo inayodharauliwa zaidi.

Kikao cha kawaida:

- Wimbo mmoja, beti mbili: dakika 2
- Kusoma aya 10 hadi 12 kwa sauti: dakika 3
- Maswali matatu (Hatua ya 5): dakika 6
- Maombi, watu wawili tu: dakika 3
- Kuandika kwenye kaunta buku: dakika 1

Wekeni saa ya simu ilie dakika ya 15. Ikilia, malizeni, hata kama baba bado ana neno. Hasa kama baba bado ana neno. Watoto wakijua kikao kina mwisho, hawatakikimbia mwanzo wake.

Kikao cha siku mbaya ni dakika 5: aya 4, swali la kwanza pekee, ombi la mtu mmoja. Hakina wimbo. Hiki ni cha siku ya msiba wa jirani, siku ya homa, siku mama ametoka sokoni Igoma miguu ikiwaka moto. Andikeni "5" kwenye kaunta buku na mlale bila hatia. Kikao cha dakika 5 kimehesabika.

Kosa la kawaida: wiki ya kwanza inakwenda vizuri, mnaongeza hadi dakika 40. Msiongeze hata dakika moja kabla ya wiki ya 10.

## Hatua ya 4: Anzeni na Yona, kisha Marko

Wengi huanza Mwanzo sura ya 1 kwa kuwa ndipo kitabu kinapoanzia. Mwanzo kunasomeka vizuri, Kutoka kunasomeka nusu, halafu mnakutana na vipimo vya hema na sheria za dhabihu, mtoto wa darasa la tatu amelala, na safari imeishia hapo.

Yona ina sura 4 na aya 48. Nusu sura kwa kikao (ni aya chache kuliko zile 10 hadi 12, kwa kuwa bado ni majaribio) ni vikao 8, yaani wiki 2 kamili za majaribio. Kuna chombo, dhoruba na shehena inayotupwa majini. Mtoto wa Luchelele, kando ya ziwa, hahitaji kuelezwa hofu hiyo. Kitabu kinaisha kwa swali la Mungu lisilojibiwa. Msilijibu ninyi. Waachieni watoto walijibu.

Marko ina sura 16 na aya 678. Kwa aya 12 kila kikao mtahitaji vikao kama 57. Kwa vikao 4 kwa wiki, hizo ni wiki 14 na kidogo. Hotuba ndefu ni chache, matukio yanafuatana upesi, na sehemu kubwa ya nusu ya kwanza inatokea ziwani au kando yake. Nyavu, mitumbwi, vibarua wa Zebedayo: sura ya kwanza tu imeshafika mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga.

Mmefanikiwa kama: mwisho wa Yona, mtoto anaweza kumsimulia jirani kisa chote bila kusaidiwa. Kama hawezi, punguzeni aya kabla ya kuingia Marko.

## Hatua ya 5: Kuendesha kikao chenyewe

Maswali ni matatu, yaleyale kila siku, ili hata anayeongoza kwa mara ya kwanza asihitaji maandalizi:

1. Nini kimetokea? (Nani, wapi, alisema nini.)
2. Hapa tumemwona Mungu akoje?
3. Mmoja wetu afanye nini kabla ya kikao kijacho?

Swali la kwanza lipewe wadogo, la pili wakubwa, la tatu wote. Anayeongoza asijibu kabla ya watu wawili kujibu.

Mfano ni Marko 4:35–41, Yesu akiituliza dhoruba. Tafsiri ya Union inasema alikuwa katika shetri, amelala juu ya mto. Watoto wengi husikia "mto" wakawaza mto wa maji, na wengine hubaki na picha hiyo mpaka ukubwani. Ndiyo maana swali la kwanza halirukwi hata kwa kisa mnachokijua: shetri ni sehemu ya nyuma ya chombo, na mto huo ni wa kulalia. Baada ya hapo swali la pili linakuja lenyewe, maana mtoto anataka kujua mtu anawezaje kulala chombo kikijaa maji.

Bibi au babu asiyesoma Kiswahili vizuri aombe kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita. Biblia ya Kisukuma ipo. Mpeni asome aya moja. Wajukuu watacheka siku ya kwanza, siku ya nne watataka kujua maana yake. Dada wa kazi naye aketi mkekani kama wengine na apewe zamu. Ibada anayoisikia akiwa jikoni anaosha vyombo inamfundisha jambo msilokusudia.

Familia yenye makanisa mawili, mfano baba Msabato na mama Mkatoliki, isomeni Injili na muache mabishano ya siku na ya sakramenti nje ya mkeka kwa wiki zote 16. Hayo yazungumzwe na wazazi, faragha.

Tahadhari mbili kubwa. Kwanza, ibada isiwe mahakama. Mzazi anayetumia maombi kumsema mtoto aliyefeli hesabu atapata mtoto anayechukia maombi. Makosa ya mtoto yashughulikiwe saa nyingine.

Pili, watu wakizoea kusema ukweli, siku moja mtoto anaweza kusema ameguswa vibaya au amepigwa na mtu mzima. Hapo kikao kimeisha. Msimhoji mbele ya wenzake, msimwombe asamehe, msimwite mtuhumiwa mje msali pamoja. Nendeni dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au pigeni 116, namba ya huduma kwa mtoto.

## Hatua ya 6: Tendo la wiki

Bila hatua hii mna darasa la kusoma tu. Kila wiki familia inachagua tendo moja kutokana na swali la tatu. Liandikwe hivi: nani, nini, kwa nani, lini. "Tuwe na upendo" halikubaliki kwenye kaunta buku. "Mama na Neema wampelekee Bibi wa nyuma ndoo mbili za maji Jumamosi asubuhi" linakubalika, kwa sababu Jumapili jioni mnaweza kuulizana kama limefanyika.

Matendo mepesi ni mengi; mtayapata wenyewe. Sisi tunataka mfike kwenye mazito, kwa mpangilio huu.

Kuombana radhi (wiki ya 3 na 4). Aanze mzazi. Baba amwambie mtoto: "Juzi nilikufokea mbele ya rafiki zako. Nilikosea. Naomba unisamehe." Asiongeze "lakini na wewe". Katika nyumba nyingi za kwetu hili ni gumu kuliko kufunga siku tatu, maana tumelelewa kwamba mkubwa hakosei. Marko 11:25 inaunganisha kusimama kusali na kusamehe. Mkifika aya hiyo bila kuwa mmeshajaribu, mtapita juu yake kama lami.

Madeni (wiki ya 6 na 7). Orodhesheni deni la dukani, la kikoba, la jirani. Chagueni dogo kuliko yote na mlipe kwanza. Kama hamna fedha, tendo la wiki ni kumfuata anayewadai kabla hajawatafuta na kumwambia tarehe ya kweli.

Biashara (wiki ya 9 kuendelea). Hapa ndipo wengi hurudi nyuma, na tunaelewa kwa nini: inagusa ugali. Sado ya kupimia iliyobonyezwa kitako. Dagaa wenye mchanga waliochanganywa katikati ya gunia. Samaki wa kokoro, nyavu haramu ya kukokota, wanaonunuliwa gizani kwa bei nafuu, au sangara wa chini ya sentimita 50 anayepita kwa sababu mkaguzi hayupo. Watoto wanajua kipimo cha duka lenu. Ndio wanaotumwa kuuza. Badilisheni kimoja, mhesabu hasara yake kwa mwezi, na muiandike. Itakuwepo hasara. Msiwaambie watoto kwamba Mungu atairudisha mara mbili. Hamkuahidiwa hivyo, na siku isiporudi mtakuwa mmewafundisha kumwona Mungu kama mdaiwa.

Kopo la sadaka. Kila mmoja aweke chochote kila wiki, hata shilingi 200 za mtoto. Lifunguliwe mwisho wa mwezi, lihesabiwe mbele ya wote, na watoto wachague nani apewe, mtu anayefikika kwa miguu. Likitumika kununulia vocha hata mara moja, mmelipoteza.

## Hatua ya 7: Mtakapoanguka

Mtaanguka, mara nyingi kati ya wiki ya 3 na ya 6. Sababu tunazozisikia sana ni mgeni wa wiki mbili, msiba wa kijijini, mitihani, na baba kwenda kambi ya uvuvi visiwani.

Kanuni ni mbili. Hakuna kulipia vikao vilivyokosekana. Mkianza kusoma sura tatu ili kufidia, mmegeuza ibada kuwa deni la kikoba. Anzieni pale alama ilipo. Na Jumapili saa 1 usiku ni saa ya kurudi: aliyepo nyumbani, hata akiwa mtoto wa miaka 11 peke yake na mdogo wake, anafungua kaunta buku na kuanza na kikao cha dakika 5. Hakuna kikao cha kulaumiana kabla yake.

Kuna anguko la aina nyingine. Ugonjwa usioeleweka au biashara iliyokufa ghafla huleta ndugu wa ukoo na ushauri wa mganga au tambiko. Amueni mapema, mkiwa wazima, mtajibu nini na nani atajibu. Kwa kawaida mwenye umri mkubwa kati yenu, kwa heshima, bila kuwatukana wazee. Mtu asiye na jibu la mapema hukubali saa 8 usiku. Na mtoto akiwa na homa, apelekwe kituo cha afya apimwe malaria siku hiyohiyo. Ombeni njiani.

## Hatua ya 8: Familia moja nyingine

Tafuteni familia moja, msizidi mbili, kutoka jumuiya yenu au kikundi cha nyumbani cha kanisa. Kutaneni mara moja kwa mwezi, nyumba kwa nyumba, chakula kiwe cha kawaida. Mkianza kushindana kwa pilau, mwezi wa tatu mwenye hali ya chini ataugua siku ya zamu yake. Kila familia isome kutoka kaunta buku vikao vingapi vimefanyika na tendo lipi lilishindikana. Mchungaji au katekista aambiwe mnachofanya, lakini msikitangaze kanisani kabla ya wiki ya 10.

## Mtajuaje kwamba inashika

Vikao 38 kati ya 57 vya Marko ni matokeo mazuri sana. Tazameni zaidi mambo haya: mtoto anawakumbusha bila kutumwa, mtu ameomba radhi katikati ya wiki, nje ya kikao, baba akiwa ziwani kikao kimefanyika na mtu hakumpigia simu kumuuliza, ugomvi wa nyumbani upo bado lakini unaisha siku ileile.

Machozi, kelele na ndoto msizihesabu. Wala ongezeko la mauzo.

Mkimaliza Marko, pumzikeni wiki moja, kipumziko hicho kikiwa kimeandikwa kwenye kalenda. Kisha Ruthu, aya 85, vikao 7 au 8. Baada yake Yakobo, aya 108, vikao 9 kamili. Mtoto anayekwenda bweni anakili ratiba ya aya kwenye daftari lake ili jioni ileile asome mnachosoma. Na tarehe ya kikao cha kwanza cha Ruthu iandikwe kwenye kaunta buku usiku uleule mnaofunga Marko, kabla kalamu haijarudi kwenye uzi wake.